Manusura wa Sinjar: Sheria na Tiba Zikae Chumba Kimoja

Ahsanteni. Naona wanafunzi wa sheria mmejaa mbele na wa ustawi wa jamii wamejibanza nyuma. Mngechanganyika ningefurahi, maana ndilo jambo lililonileta.

Tarehe 3 Agosti 2014 wapiganaji wa IS, kundi lililojiita Dola la Kiislamu, waliingia Sinjar, kaskazini mwa Iraq, wanakoishi Wayazidi, jamii ndogo yenye dini yake. Wanaume wa Kiyazidi waliuawa. Wanawake na watoto zaidi ya 6,000 wakatekwa, wengi wakauzwa utumwani. Hayo mmeyasikia. Tuwazungumzie waliorudi.

Machi 2021 Bunge la Iraq lilipitisha Sheria ya Manusura wa Kiyazidi: malipo ya kila mwezi, kiwanja, nafasi ya kurudi shule, matibabu ya mwili na akili. Nzuri sana, kwenye karatasi. Kisha kamati inayopokea maombi ikaanza kumdai mwombaji awe amefungua kesi ya jinai. Hebu fikirini. Mwanamke anaishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani, Duhok, kaskazini mwa Iraq, na ili apate haki yake sharti akaeleze alibakwa na nani, lini, wapi. Na kesi yenyewe inafika wapi? Sheria za jinai za Iraq hazina kosa la mauaji ya kimbari. Watu wa IS huhukumiwa kwa ugaidi, kwa kuwa wanachama tu, na mara nyingi ubakaji hautajwi kabisa. Kidonda kimefunuliwa, faili limerudi kabatini.

Linganisheni na Frankfurt, Ujerumani. Novemba 2021 mahakama ya huko ilimhukumu Taha al-Jumailly, mwanachama wa IS, kifungo cha maisha kwa mauaji ya kimbari, hukumu ya kwanza duniani ya kosa hilo dhidi ya Wayazidi. Alimnunua mama na bintiye wa miaka 5, akamfunga mtoto juani hadi akafa. Mama alitoa ushahidi mwenyewe. Ujerumani, tangu 2017, mwathirika wa makosa mazito anaweza kupewa mtu wa kumsindikiza kisaikolojia kesi nzima. Huyo wa kukaa pembeni yake ndiye anayekosekana Iraq.

Tusidhani ni jambo la Wazungu peke yao. Denis Mukwege, daktari wa Kongo aliyepewa Nobeli ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad, Myazidi wa kijiji cha Kocho, amejenga katika hospitali ya Panzi, pale Bukavu, utaratibu wa kuunganisha daktari, mshauri nasaha na mwanasheria.

Tena kuna tiba isiyotoka hospitali. Baba Sheikh, kiongozi wa dini wa Wayazidi, alitangaza kwamba waliorudi ni Wayazidi kamili, wapokewe. Wakaenda kuoshwa kwenye chemchemi ya Lalish, mahali pao patakatifu. Kwangu mimi, tamko lile limeokoa wengi kuliko kliniki.

Ila halikuwafikia watoto waliotokana na ubakaji. Mwaka 2019 baraza lao la dini lilikataa kuwapokea, na sheria ya Iraq humwandikisha mtoto wa baba Mwislamu kuwa Mwislamu. Mama anaambiwa achague: mtoto au jamaa zake. Sheria ya 2021 ililiruka suala hilo, na mshauri nasaha, hata awe hodari vipi, hawezi kumwandikia mtoto cheti.

Haya, maswali. Tuanze na wa nyuma.