Meli na Reli: Namna ya Kuigawa Kazi Kubwa Ubaoni

Habari za mchana, ndugu zangu. Mlio nyuma mnanisikia? Vyema.

Nimekuja Kisumu kuzungumzia kadi moja. Ilikaa kwenye ubao wetu wa kazi, safu ya "Inafanywa", na kichwa chake kilikuwa "Mfumo wa malipo". Tulikuwa tunawatengenezea programu wakulima wa mpunga upande wa Ahero. Kila asubuhi tulisimama mbele ya ubao, kila mmoja akaeleza alichofanya jana, na kadi ile isisogee. Ikapita miezi minne. Watu hawakulala, walikesha! Lakini mwenyekiti wa wakulima aliponiuliza, "Vijana, mmefika wapi?", sikuwa na cha kumwonyesha. Iliniuma, kwa sababu mzee yule alikuwa ameshawapa wenzake ahadi.

Kwenye programu za kupangia kazi kama Jira, kazi kubwa namna hiyo huitwa epiki. Epiki ni kapu la kubebea kadi ndogo. Basi tukaipasua: kadi ya hifadhidata, yaani ghala la taarifa, ya seva, kompyuta inayohudumia simu zote, ya skrini za simu, ya ripoti. Kadi zikaanza kuingia "Imekwisha", tukapumua. Baada ya miezi miwili mzee akauliza tena, na bado sikuwa na cha kumwonyesha.

Twendeni kidogo hapo bandarini. Mwaka 1900 iliteremshwa majini meli ya mvuke SS William Mackinnon. Iliundwa Scotland, kila kipande kikatiwa alama, kisha ikafunguliwa na kusafirishwa hadi Mombasa. Vipande vililetwa hadi ziwani na kuunganishwa huku. Sasa niambieni, nusu ya meli hubeba nini? Hata ukiwa na vipande tisa katika kumi, huvuki kwenda Uganda.

Reli nayo ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na hapa, palipoitwa Port Florence, Desemba 1901. Haikungoja kufika ziwani ndipo itumike. Kipande kilichokwisha kutandikwa kilipitisha treni, na treni hizo ndizo zilizobeba mataruma na vyuma vya kipande kilichofuata. Najua iligharimu maisha ya watu wengi, na kwa hilo siisifu. Natazama mgawanyo wake tu.

Sisi tulikuwa tumegawa kazi kama meli. Tukazifuta kadi zote tukaanza upya. Kadi ya kwanza: karani apime gunia moja, aingize kilo, mkulima apate ujumbe kwenye simu yake. Basi. Inagusa hifadhidata kidogo, seva kidogo, skrini moja. Ya pili: jumla ya kilo za mkulima kwa msimu. Ya tatu: makato ya mbolea aliyokopa. Malipo ya M-Pesa yakaja kadi ya tano.

Siku tuliyoijaribu kadi ya kwanza kwenye mizani, karani alitutazama akauliza, "Na unyevu je?" Mpunga usiokauka vizuri hukatwa kilo. Katika miezi yote ile ya mikutano hakuna aliyelitaja, kwa kuwa kwao ni jambo la kila siku. Kama tungengoja mfumo mzima uishe, hesabu za kila mkulima zingekuwa na kasoro.

Kuhusu ubao wenyewe nitasema machache. Ubao wa namna hii huitwa Kanban, neno la Kijapani, maana yake bango. Kwa Taiichi Ohno na wenzake wa Toyota, kadi ilikuwa ruhusa: bila kadi, hakuna kipuri kinachotengenezwa. Sisi tumeigeuza kuwa orodha ya matamanio, kila mtu anafungua kadi tatu kwa mpigo. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni ambayo hata mama wa soko la Kibuye angeikubali: kazi zilizo mkononi ukizigawanya kwa kasi ya kumaliza, unapata muda ambao kila moja itakaa. Kadi 12 zikiwa wazi na mnamaliza 3 kwa wiki, kila kadi hukaa wiki 4 kwa wastani. Ziwe 6, kwa kasi ileile, wiki 2. Kwa hiyo wekeni kikomo juu ya safu ya "Inafanywa", na safu ikijaa, msaidie mwenzako amalize kabla hujafungua nyingine.

Dada hapa mbele anauliza kuhusu kazi isiyogawanyika, kama kuhamisha madaftari ya zamani ya wanachama. Nasi tulidhani haigawanyiki. Kisha tukachukua wakulima wa bloku moja tu ya mashamba, tukaingiza majina yao, wakaja kuyahakiki wenyewe. Tukakuta mtu mmoja kaandikwa mara mbili, jina la ubatizo huku na la nyumbani kule. Tukarekebisha fomu kabla ya kugusa bloku ya pili.

Ndiyo, kaka pale dirishani.