Mbona Tulifungiwa Ndani na Watu Wakaendelea Kuugua?

Haya, taa nyekundu imewaka, tuko hewani. Habari zenu huko nyumbani, wakubwa shikamooni, vijana mambo. Leo sitoki mitaani, niko chumbani tu. Mkisikia kitu kinagonga nyuma yangu msishtuke, ni bomba la kupasha joto, likianza kupata moto lazima lilalamike kwanza.

Mjomba wangu amenitumia sauti ya dakika nne. Mjomba akituma sauti fupi ujue anaumwa. Sasa kwenye hizo dakika nne, tatu ni salamu, lakini ile ya mwisho imeninyima usingizi. Anasema: "Mjomba, wewe Korona ilikukuta hukohuko. Hebu niambie, kama ile lokdauni inazuia ugonjwa, mbona walifungia watu ndani halafu ndiyo vifo vikazidi kupanda? Si ina maana walitesa watu bure?"

Nilitaka kumjibu haraka nikashindwa, kwa sababu alichokisema kilitokea kweli. Kilinitokea hata mimi.

Mwaka 2020 tulikuwa watu sita kwenye nyumba moja. Jiko moja, bafu moja, na korido ambayo mkipishana lazima mmoja ajibanze ukutani. Amri ya kukaa ndani ilipotoka, watano tukatulia. Wa sita alikuwa anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku, na maghala hayakufungwa, maana watu waliojifungia ndiyo kwanza walikuwa wanaagiza vitu kwa wingi. Mlango wa friji ulikuwa na karatasi, nachora mstari mmoja kila siku kama mfungwa. Siku ya 9 jamaa wa ghalani katoka bafuni na kipande cha sabuni, kanisogezea puani: "Hii ina harufu?" Sabuni inanukia mpaka kwenye korido! Yeye hasikii kitu. Siku ya 13 anayelala naye chumba kimoja kashikwa na homa. Kesho yake mwingine. Mimi zamu yangu ilifika siku ya 19.

Sasa hesabu mjomba. Siku 19 tangu nchi ifungwe, mimi ambaye sikuvuka kizingiti ndiyo naingia kwenye takwimu kama mgonjwa mpya. Mtu anayesoma gazeti siku hiyo anaona namba imeongezeka, anasema lokdauni imeshindwa.

Jambo la kwanza la kuelewa ni hili: kufungia watu hakuui kirusi hata kimoja. Kirusi hakina miguu, kinabebwa na watu, na lokdauni inachofanya ni kupunguza idadi ya watu wanaokutana. Aliyekwisha kuambukizwa jana anarudi nacho nyumbani, na humo ndani mnakula meza moja. Kwa hiyo siku za mwanzo maambukizi yanahama. Yanatoka kwenye mabasi na ofisi, yanaingia sebuleni. Nyumba ya watu wawili yanaishiwa pa kwenda upesi. Nyumba kama yetu yanazunguka wiki mbili, tatu.

Halafu kuna kuchelewa. Kwa Korona ile ya mwanzo, ukiambukizwa leo dalili zinakuja baada ya siku tano hivi, wengine mpaka wiki mbili. Wanaozidiwa wanafika hospitali kama wiki moja baada ya hapo. Wanaofariki, wengi wanachukua wiki nyingine au zaidi. Italia ilifunga nchi nzima tarehe 10 Machi 2020. Siku ambayo Waitaliano walitangaziwa vifo vingi kuliko siku zote za wimbi lile, zaidi ya 900 kwa siku moja, ilikuwa 27 Machi. Wengi wa watu wale walikuwa wameambukizwa kabla mlango haujafungwa. Ni kama kufunga bomba la maji huku mpira mrefu bado umejaa maji, yataendelea kumwagika chini kwa muda.

Ngoja, nina karatasi hapa. Mnaiona? Samahani mwandiko.

Ule ugonjwa wa mwanzo, watu wakiishi kama kawaida, mgonjwa mmoja aliambukiza wengine kama watatu. Tuseme watatu kamili. Mmoja anakuwa watatu, watatu wanakuwa tisa, halafu 27, halafu 81. Ukifika mzunguko wa kumi ni watu 59,049, kutoka kwa mtu mmoja. Na kila mzunguko ni kama siku tano, kwa hiyo hayo yote ni chini ya miezi miwili.

Sasa achana na hiyo, tazameni mstari wa chini, ndio ninaoupenda. Chukua wagonjwa 1,000. Kila mmoja akiambukiza kwa wastani mtu 1.1, baada ya mizunguko kumi una wagonjwa wapya 2,594 kwa mzunguko. Akiambukiza 0.9, una 349. Tofauti ya 1.1 na 0.9 ni ndogo mno, ukiitazama mtaani huioni. Ni jamaa mmoja hakwenda kwenye mkusanyiko, ni mwingine amebaki nyumbani na homa yake. Vita yote ya lokdauni iko hapo, kuivusha namba chini ya moja. Haihitaji kufika sifuri. Lakini ikikwama kwenye 1.05, mmeteseka wote na ugonjwa bado unakua.

Melbourne, Australia, walikwama karibu na hapo. Julai 2020 watu walifungiwa upya, wiki zikapita, na mapema Agosti jimbo lao la Victoria likawa linapata wagonjwa karibu 700 kwa siku. Walipotafuta pa kuvujia, wakakuta sehemu za kazi: nyumba za kulelea wazee, machinjio, maghala. Watu wenye ajira za kuungaunga walikuwa wanaenda kazini na dalili zao, kwa sababu usipokwenda hulipwi. Nikamkumbuka jamaa yangu wa sabuni. Baadaye aliniambia alikuwa ameanza kujisikia vibaya siku mbili kabla, akaenda kazini hivyohivyo, na mimi sikumlaumu kwa sababu kodi ya nyumba tulikuwa tunagawana. Melbourne wakabana zaidi, usiku hutoki, mchana huvuki kilomita 5 kutoka kwako, lakini pia serikali ikaanza kuwalipa watu wanaojitenga wakisubiri majibu ya vipimo. Tarehe 26 Oktoba wakapata wagonjwa wapya sifuri.

Kwa hiyo mjomba, ilifanya kazi pale. Lakini usinielewe kwamba kila mahali ilifanya kazi, au kwamba amri ndiyo iliyofanya yote. Data za simu zilionyesha katika nchi nyingi watu walianza kupunguza kutembea kabla serikali haijatangaza, hofu ilitangulia. Sweden hawakuwapa watu amri ya kukaa ndani, na bado wengi walijizuia wenyewe. Wimbi la kwanza waliumia kuliko majirani zao Norway, Denmark na Finland, ila ukipiga hesabu ya miaka yote ya janga hawako mbaya kama walivyotabiriwa. Ndiyo maana wataalamu mpaka leo wanavutana, kiasi gani kilitokana na sheria na kiasi gani na watu kuogopa. Mimi naona amri iliyokuja mapema na fupi ilikuwa na maana zaidi kuliko iliyochelewa ikaburutwa miezi.

Na kuna amri inayosambaza ugonjwa yenyewe. India, 24 Machi 2020, tangazo lilitoka saa mbili usiku kwamba nchi inafungwa saa sita usiku. Muda wa saa nne tu! Vibarua wa mijini, mamilioni, hawana kazi wala pa kukaa, wakashika njia kurudi vijijini kwao kwa miguu, wakabanana kwenye vituo vya mabasi. Ukitaka kubuni njia ya kuwakutanisha watu wasiokutana, sijui kama utapata nzuri kuliko hiyo.

Ugonjwa wenyewe nao una neno. Korona inapita kwa pumzi, na mtu anaambukiza kabla hajajijua, ndiyo maana unamfungia hata mzima. Ebola siyo hivyo, anayeambukiza ni yule ambaye tayari anaumwa, au maiti yake, kwa kugusana na majimaji ya mwili. Agosti 2014 Liberia waliuzungushia mtaa wa West Point pale Monrovia askari na seng'enge, makumi ya maelfu ya watu ndani. Zikazuka vurugu, kijana mmoja akapigwa risasi akafa, na watu walikuwa wanahonga ili watoke. Baada ya siku kumi hivi wakaondoa. Kilichoishinda Ebola ni kumtafuta aliyegusana na mgonjwa, mmoja mmoja, na kuzika kwa usalama. Kipindupindu ndiyo usiseme, unamfungia mtu ndani na maji yaleyale machafu.

Mjomba aliuliza pia kama ilikuwa kutesa watu. Gharama ilikuwepo, na si ya upweke tu. Mwaka 2020, kwa hesabu za WHO na UNICEF, watoto milioni 23 walikosa chanjo zao za kawaida, milioni 3.7 zaidi ya mwaka uliotangulia. Surua haikuwa imekwenda likizo.

Kitu cha mwisho, hiki nimekisoma juzi nikakirudia mara mbili. Kulikuwa na aina ya virusi vya mafua inaitwa B/Yamagata, ilikuwa inazunguka dunia miaka na miaka, ilikuwemo mpaka ndani ya chanjo ya mafua. Mafua yanaambukiza kwa udhaifu kuliko Korona, kwa hiyo milango ile ile na barakoa zile zile ziliyashusha chini ya moja kwa urahisi kabisa. Tangu Machi 2020 B/Yamagata haijathibitishwa kwa mgonjwa yeyote duniani. Mwaka 2023 WHO ikashauri iondolewe kwenye chanjo. Korona tuliyoifungia milango bado ipo, iliyopotea ni hii ambayo hakuna aliyekuwa anaiwinda.

Swali lako la barakoa nimelisikia, mjomba, lile ni la video yake. Betri imebaki kidogo. Na wale wengine wa nyumbani, najua mtauliza: kati yetu sita wawili hawakuugua kabisa, na mmoja wao ndiye aliyekuwa anaosha vyombo vya wote.