Kioo Kinachopenda Giza

Mazungumzo na wapenzi wa gemu na kompyuta, Shangani, Mtwara, Jumamosi alasiri. Yameandikwa kama yalivyotolewa.

Mtwara kuchele! Haya, asanteni. Wakubwa shikamooni, na nyie wengine hamjambo. Kuchele maana yake kumekucha, na mimi nimeitwa hapa kuzungumzia kitu ambacho kukikucha tu ndiyo shida zake zinaanza. Tutafika huko.

Chini ya shuka hili kuna monita. Msilifunue kwanza. Wewe mdogo wangu wa mbele, nakuona.

Kijana aliyenipigia simu alitaka nije nitaje monita moja tu ya OLED ya kuchezea gemu, watu waandike jina, waende wakatafute. Nikamwambia sitaji. Si uchoyo. Monita ya aina hii unaanza kuichagua kwa kuangalia chumba unachokaa na jinsi unavyozima vitu usiku, halafu ndipo unasoma maandishi ya kwenye boksi. Mimi nilianza na boksi. Ndiyo maana nimekuja na shuka.

Tuelewane kwanza kitu chenyewe. LCD, ambayo wengi mnayo nyumbani, ni kama dirisha lenye pazia, na nyuma yake kuna taa. Taa inawaka muda wote, kazi ya pazia ni kufunga na kufungua. Gemu ikiingia usiku, pazia limefungwa lakini mwanga unapenya, ndipo mnaona ule weusi wa kijivujivu kama moshi wa jikoni. OLED haina taa ya nyuma. Kila pikseli, ile nukta ndogo inayounda picha, inawaka yenyewe na inazima yenyewe. Wazo si la jana. Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak waliandika kuhusu kazi yao mwaka 1987, wengi humu hamjazaliwa. Ila kwenye meza ya mcheza gemu vioo hivi vimeingia kwa kasi miaka hii ya karibuni. Alienware AW3423DW ya inchi 34 ilipotoka mwaka 2022 bei yake ilikuwa dola 1,299. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni tatu, bado hujalipa usafiri. Wenye mikorosho Newala na Tandahimba wapige wenyewe hesabu ya magunia.

Sasa weusi wake. Humu hakuna asiyejua kinyago cha mpingo kikishapigwa msasa na kung'arishwa. Zima taa za chumba, funga pazia, fungua gemu ya usiku: OLED inakupa weusi ule ule, na nyota moja inawaka katikati yake bila kumchafua jirani. Mimi mara ya kwanza kuona nilidhani kioo kimezimika, mpaka kitu kikatembea.

Lakini nimesema zima taa, funga pazia. Nani hapa anacheza hivyo? Nyumba zetu madirisha makubwa, aluminiamu ya kusukuma, pazia tunalifungua upepo wa bahari uingie, maana bila upepo mwezi wa Novemba hukai ndani. Na hapa ndipo aina mbili za OLED zinapoachana.

Vioo vingi vya OLED mnavyoviona kwenye monita za gemu, jina la nje liwe lolote, vinatoka kwa watengenezaji wawili. Samsung Display wanatengeneza QD-OLED, ambayo inawasha mwanga wa bluu na kuubadilisha kuwa mwekundu na kijani. LG Display wanatengeneza WOLED, inayowasha mwanga mweupe na kuuchuja, na ndani yake kuna pikseli ndogo ya nne, nyeupe. QD-OLED rangi zake zinashiba zaidi, hilo sibishani na mtu. Ila ukiiweka kwenye chumba chenye mwanga, weusi wake unageuka zambarau ya kijivu, kama mpingo ulioachwa juani ukapauka. Mwanga wa nje unaingia kwenye kioo na kurudi, kwa sababu haina ile tabaka ya kuuzuia ambayo WOLED inayo. Usiku hutaona tofauti. Saa nane mchana, dirisha liko nyuma yako, utaiona hata ukiwa mlangoni.

Kipimo chake hakihitaji hela. Chukua simu yako, izime kabisa, iegemeze pale monita itakapokaa, saa ile ile unayocheza kila siku. Kaa kwenye kiti chako. Ukijiona na dirisha nyuma yako kwenye kioo cha simu, basi ndicho utakachokitazama kwa milioni tatu. Geuza meza kabla hujatoa hela. Kama meza haigeuki na wewe ni mchezaji wa mchana, nitakwambia jambo ambalo wauzaji hawalipendi: nunua LCD nzuri ya mini-LED, ile yenye taa ndogo ndogo nyingi nyuma ya pazia. OLED ikijaza kioo kizima kwa weupe, mwangaza wake unashuka. QD-OLED nyingi zinabaki kwenye niti 250 hivi, niti ndiyo kipimo cha mwangaza. Ile 1,000 iliyoandikwa kwa wino mkubwa kwenye boksi ni ya kipande kidogo tu cha kioo, kama asilimia 3. Ni jua lile dogo kwenye kona ya picha. Si uwanja mzima.

Kaka pale anauliza kuhusu kasi. Sawa.

Pikseli ya OLED inabadilika haraka mno, wanaandika milisekunde 0.03, na ukiitazama unaamini. Ule mkia unaofuata mpira kwenye LCD za bei ya chini haupo. Lakini msidanganywe kwamba ukungu wote wa mwendo umekwisha. Mkiwa watoto mmewahi kuzungusha kijinga cha moto usiku, mkaona duara? Duara halikuwepo kwenye kijinga, lilikuwa kwenye jicho. Na hapa jicho lina lake. Kwa fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60, kila picha inasimama karibu milisekunde 17 huku jicho lako linakimbia na mchezaji, kwa hiyo unaona ukungu hata pikseli ziwe za haraka namna gani. Kwa fremu 240 picha inasimama milisekunde 4 na kidogo. Utamu wa kasi ya OLED unaupata ukiwa na mashine inayoweza kutoa fremu hizo. Mwenye PlayStation 4, yaani PS4, anatoa 60. Mwenye PS5 anaishia 120. Kununua monita ya 240 Hz, yaani ya picha 240 kwa sekunde, au 360 Hz kwa ajili ya PS5 ni kulipia nauli ya viti viwili ukakalia kimoja. Kwa PS5 tafuta monita yenye mlango wa waya wa HDMI 2.1 na 120 Hz, na fikiria hata televisheni ndogo ya OLED: LG walianza kutoa inchi 42 mwaka 2022, na ukikaa mbali kidogo inakaa vizuri kuliko monita.

Mwenye kompyuta aangalie kadi yake ya grafiki, ndiyo inayochora picha. Kwa ukali wa picha, 4K ni pikseli zaidi ya milioni 8, 1440p haifiki milioni 4. Monita ya inchi 32, 4K, 240 Hz, zile zilizoanza kutoka 2024, ni nzuri mno, nakiri zinanitamanisha, ila bila kadi kubwa utaishia kushusha ubora wa kila kitu. Mchezaji wa gemu za risasi, inchi 27 ya 1440p inakutosha. Na ukiona kwenye sehemu za giza kioo kinapepesa, hakijaharibika. Fremu zinapanda na kushuka, na kioo kinazifuata. Ziwekee kikomo ambacho mashine inakifikia muda wote, mpepeso unapungua.

Haya. Twende kwenye shuka.

Nilikuwa na chumba cha gemu, cha kulipia kwa mechi. Sitasema mtaa, waliocheza pale wanajijua. Nikajifunga mkanda nikanunua OLED moja, nikaiweka mbele kabisa ili anayepita nje aione. Mlango wazi, mwanga unaingia, nikapandisha mwangaza mpaka mwisho. Gemu ni mpira, kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa tano usiku. Ubao wa magoli kona ya juu kushoto, ramani ndogo ya wachezaji chini katikati, siku nzima, kila siku. Na nyie mnajijua: timu ni Real Madrid na Manchester City. Nikiwaambia chagueni nyingine, mtu anasema, bosi, hela yangu.

Vitu vinavyowaka ndani ya OLED vinachakaa kwa kutumika, na bluu inachakaa mapema. Palipowaka sana kwa muda mrefu panachoka kuliko jirani yake, na umbo linabaki. Ndiko kuungua kwa kioo. Joto linaongeza, mwangaza mkubwa unaongeza. Mimi nilikuwa navyo vyote viwili.

Lakini haya yote watengenezaji wanayajua, na wameweka dawa ndani ya monita. Ukishaitumia saa kadhaa, nyingi ni kama saa nne, ukiizima kwa kitufe chake inabaki imelala, taa ndogo nyekundu au nyeupe inawaka, na ndani inapima pikseli na kuzisawazisha. Dakika chache tu, nyingi hazifiki kumi. Inahitaji kitu kimoja: umeme uendelee kuwepo.

Na sisi tunazimaje? Mimi saa tano usiku nilikuwa napita ukutani, tap, tap, tap, swichi zote chini. LUKU isiliwe bure, na radi ya masika isinikute. Ndivyo nilivyolelewa, ndivyo mama anavyozima mpaka leo. Kumbe kila usiku nilikuwa namnyima mgonjwa dawa. Miezi inapita, haikujisafisha hata mara moja kwa utulivu. Fundi aliyenifungulia menyu akanionyesha inapokaa hiyo kazi, nikaona aibu hata ya kumlipa.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa anayetaka OLED Mtwara, Lindi, Masasi, popote huku kwetu, ni hili: nyumbani kwenu nani anazima swichi ya ukutani, na utamwambiaje? Kama ni mama, kaa naye, mweleze taratibu. Kama hakubali, usinunue. Sitanii.

Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, monita nyingi zinaanza upya ukirudi, lakini usiifanye tabia. Tia UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika. Monita peke yake hata UPS ndogo inaibeba kwa dakika hizo. Mwangaza ushushe, chini ya nusu kwa matumizi ya kawaida. Ficha ule mstari wa programu ulio chini ya kioo cha kompyuta. Picha ya nyuma weka nyeusi. Na usiisukumie kwenye kabati lililofungwa, iache ipumue nyuma.

Kufuta: si kwa kanga, wala fulana. Vumbi letu lina chumvi ya bahari na mchanga, na kioo cha QD-OLED kinachubuka upesi. Kitambaa laini cha miwani, maji kidogo, basi.

Dada alikuwa ameniuliza kabla hatujaanza, yeye ni karani wa chama cha msingi, mchana anaingiza majina ya wakulima na kilo zao, usiku anacheza. Dada yangu, msimu wa korosho ukianza jedwali lile litakaa kwenye kioo saa nane kwa siku, mistari haisogei. Kazi ifanye kwenye LCD ya zamani. Isitoshe herufi kwenye OLED zina kingo zenye rangi kwa jinsi pikseli ndogo zilivyopangwa, inchi 27 ya 1440p utaziona, kwenye 4K zinakaribia kupotea.

Dhamana. Kampuni kadhaa kubwa zinatoa miaka 3 inayotaja kuungua kwa kioo waziwazi. Isome. Halafu uliza inatumika nchi gani. Iliyoletwa na mjomba kutoka Dubai, dhamana yake mara nyingi imebaki Dubai. Na ikija kwa basi kutoka Dar, ilale kwenye boksi lake la kwanza, isimame wima, isiwekewe gunia juu. Ile barabara mnaijua, 2024 ilikatika Somanga mvua zilipozidi. Mimi yangu niliipakata kama mtoto hadi Mtwara. Ikafika salama, nikaja kuiua mwenyewe.

Kaka, nizimie taa hizo mbili. Na pazia la upande wa bahari. Asante.

Sasa nafunua. Nimeweka rangi moja tu, kijivu, kioo kizima. Mnaona kama safi? Ngojeni macho yazoee. Kona ya juu kushoto, kuna kibao cheusi kidogo, kirefu. Hapo katikati yake pana ukungu, ni dakika na magoli, namba zilikuwa zinabadilika. Pembeni hazikubadilika. Hiyo ni R. Na ile pale, ukiinamisha kichwa, ni M, ya City. Chini katikati, lile umbo la ramani.

Sogeeni, watano watano. Msiguse kioo.