Kupima Kisanduku Kabla ya Kukisogeza

Ndugu wasikilizaji, kila elementi ya ukurasa wa wavuti, iwe aya, picha au kitufe, kivinjari huipangia nafasi kama kisanduku, na matatizo mengi ya mpangilio huzuka pale msanidi anapokikisia kisanduku hicho badala ya kukipima. Kwa hiyo leo, tukitumia zana za msanidi zilizomo ndani ya kivinjari, nitasisitiza upimaji kuliko uhariri.

Bofya elementi kwa kitufe cha kulia cha kipanya kisha uchague kuikagua (Inspect), nayo paneli ya zana hizo itafunguka ikiwa na mti wa elementi pamoja na kanuni za CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa. Mti huo si faili lililohifadhiwa kwenye seva, bali ni ukurasa ulivyo wakati huo, baada ya kivinjari kurekebisha HTML (lugha inayojenga ukurasa) yenye kasoro na JavaScript (lugha ya programu zinazoendeshwa ndani ya ukurasa) kuongeza au kuondoa vitu vyake. Anayelichunguza faili la asili peke yake anaweza asilione kosa kabisa.

Tutue kwenye mchoro wa kisanduku uliomo katika paneli hiyo, ambao naona haupewi uzito unaostahili. Una tabaka nne kutoka ndani kwenda nje: maudhui, nafasi ya ndani, mpaka, na nafasi ya nje. Tuseme umeandika upana wa pikseli 300, nafasi ya ndani ya pikseli 20 kila upande, na mpaka wa pikseli 1. Kwa utaratibu wa awali wa CSS, upana ulioandikwa ni wa maudhui tu, hivyo kisanduku huwa na pikseli 342 kutoka mpaka hadi mpaka, na viwili vya namna hiyo haviwezi kukaa bega kwa bega ndani ya pikseli 600. Ongeza box-sizing: border-box, inayofanya upana ulioandikwa ujumuishe nafasi ya ndani na mpaka, papo hapo kwenye paneli, utaona maudhui yakipungua hadi pikseli 258 na jumla ikirudi 300.

Nafasi za nje za wima nazo huwashangaza wengi: aya yenye pikseli 30 chini yake ikifuatwa na aya yenye pikseli 20 juu yake, umbali kati yao huwa 30, wala si 50, kwa sababu katika mpangilio wa kawaida kubwa humeza ndogo.

Ukikuta kanuni imekatwa mstari, mara nyingi ni kwamba imeshindwa na nyingine yenye nguvu zaidi. Itafuteni iliyoshinda; kukimbilia !important, alama ya kuilazimisha kanuni ishinde, kabla ya kuijua ni kuuficha ugonjwa.

Sasa uhariri wenyewe ni mwepisi. Bofya thamani, kisha vishale vya juu na chini vitaibadilisha kwa 1, au kwa 10 ukishikilia Shift. Kwa kawaida mabadiliko hayo hukaa katika kumbukumbu ya kivinjari tu na hupotea ukurasa unapopakiwa upya, basi nakili kanuni iliyokuridhisha kwenye faili lako la CSS kwanza, ndipo upakie ukurasa na kukipima kisanduku tena, safari hii kwa upana wa skrini ya simu pia.