Nguzo ya mtarakwa nje ya nyumba: upake nini istahimili jua na mvua

Karibuni tena. Leo tuna nguzo moja ya mtarakwa, au sida, kama wengi wetu huku milimani tunavyoizoea. Inakwenda kubeba geti dogo la mbele. Kila upande una sentimita 15, urefu ni kama mita 2 na nusu, na swali ni moja: tuipake nini? Nakwambia mapema ninakoelekea. Vanishi inayong'aa siitumii hapa, hata kama ndiyo utakayopewa kwanza ukiingia hadiwea.

Kabla hujafungua kopo lolote, tazama kichwa cha nguzo pale kilipokatwa. Naisogeza kamera. Unaona katikati pana wekundu wa kahawia, halafu pembeni kuna utepe mweupe, upana wa kidole hivi. Ukikwangua kidogo ule wekundu kwa kisu, inatoka harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Si ajabu, maana huu ndio mti uliokuwa ukipasuliwa Kenya kutengenezea penseli. Wekundu huo ni kiini. Mchwa hawakipendi, na hakiozi upesi. Ndiyo maana ukipita mashamba ya Laikipia au Nyandarua unakuta nguzo za ua zimesimama tangu zamani, za kijivu kabisa, hazijawahi kuonja brashi.

Ile nyeupe ni habari nyingine. Hiyo ni chakula, na hakuna rangi wala mafuta yatakayoifanya isiwe chakula. Kwa hiyo sehemu itakayoingia ardhini, chukua tezo au shoka uchonge weupe wote mpaka ubaki na wekundu mtupu. Juu ya ardhi unaweza kuacha kidogo, lakini mimi naona heri kuuondoa wote.

Na ukinunua nguzo mpya, mwambie muuzaji akuonyeshe kibali cha kusafirisha. Mtarakwa ni mti wa misitu ya asili, haukatwi hovyo. Hii yangu imetoka kwenye ua wa zamani, nikaipiga randa tu.

Hatua ya pili ni ukavu. Nguzo mbichi usiipake. Maji yaliyo ndani yanatafuta njia ya kutoka, na ukiyafungia yatasukuma chochote ulichopaka. Ilaze kivulini juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini yake, na uipe miezi, si siku. Nguzo kuukuu kama hii ni kavu tayari, ila ikinyeshewa subiri siku mbili tatu za jua. Januari na Februari ndio wakati mzuri wa kazi hii, kabla mvua ndefu hazijaanza.

Sasa tuje kwenye makopo. Nimeyapanga hapa mezani, na hapa ndipo pesa za watu hupotelea.

Anza na hili la kushoto, vanishi angavu. Ukiipaka leo nguzo inapendeza, jirani anasimama kuuliza umeipata wapi. Tatizo ni kwamba jua linapita ndani yake bila kizuizi. Miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, inavunjavunja lignini, yaani kile kinachoshikanisha nyuzi za mti pale juu kabisa. Nyuzi zikishaachiana, vanishi inakuwa imeshikilia vumbi. Na huku kwetu jua hilo ni kali kuliko linavyohisiwa: Nanyuki iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Nyahururu imepita hapo, hewa ni nyepesi na miale inashuka ikiwa na nguvu zaidi, hata siku ambayo wewe umevaa sweta. Mvua ikija nguzo inavimba, jua likiwaka inanywea, na vanishi haiwezi kufuata mwendo huo. Inapasuka. Maji yanaingia kwenye ufa, hayatoki, na magamba meupe yanaanza kubanduka. Ukifika hapo huwezi kuongeza koti juu. Ni kukwangua yote mpaka kwenye mbao. Jaribu kukwangua nguzo iliyokwisha kusimama na geti limefungwa, utanikumbuka.

Kuna vanishi ya mashua, ile yenye kinga ya jua ndani yake. Hiyo ni bora, na kwa mlango ulio chini ya baraza ningeikubali. Kwa nguzo iliyo wazi pande zote, bado itataka koti jipya kabla haijaanza kupasuka, na wengi wetu tunakumbuka ikishapasuka.

Rangi ya mafuta, glosi, nayo si mbaya. Inaziba jua kabisa, kwa hiyo mti wa chini unabaki salama muda mrefu. Ukitaka nguzo nyeupe au ya kijani, nenda nayo, ila tanguliza praima ya mafuta, hasa juu ya vifundo, la sivyo utomvu utapenya na kuacha madoa ya kahawia. Mimi sijanunua mtarakwa ili niufiche.

Hiki kidumu hapa ni oili chafu ya gari. Najua inatumika kila mahali, na najua ni ya bure. Haikauki. Itachafua kanzu ya mgeni na mikono ya watoto, mvua itaisukuma kwenye udongo pamoja na metali zilizokuwa kwenye injini, na siku ukitaka kupaka kitu kingine hakitashika. Nguzo iko karibu na kisima au sukuma wiki? Iache kabisa.

Mafuta ya kitani, yaani linseed oil, yanakaribia ninachokitaka. Yanapenya, yanakuza rangi ya mti, na yakichakaa unaongeza tu. Nunua yale yaliyochemshwa. Mabichi yanachukua siku nyingi kukauka na kila vumbi la barabara litakaa juu yake. Kasoro yake ni kuvu. Mahali penye unyevu mwingi yanageuka meusi madoa madoa, na hayana kinga ya jua yakiwa peke yake.

Kwa hiyo chaguo langu ni hili la mwisho: staini ya nje ya mafuta, inayopenya, yenye rangi ndani yake. Ile rangi si ya urembo tu. Chembechembe zake ndizo zinazokinga jua lisifike kwenye nyuzi, kwa hiyo usichukue isiyo na rangi kabisa. Chukua ya kahawia au nyekundu ya wastani. Kwenye kopo tafuta mambo manne: ni ya nje, inazuia maji, ina kinga ya jua, ina dawa ya kuvu. Muuzaji akikwambia "hii ya ndani pia inafanya", mwachie. Faida kubwa ni kwamba haiachi ngozi juu ya mti. Inafifia polepole, haibanduki, na ikififia unaosha na kupaka tena. Mafundi wa majahazi wa pwani wamekuwa wakipaka sifa, yale mafuta ya samaki, kwenye mbao za chombo kwa mtindo huo huo: inaingia, inaisha, inapakwa tena.

Kwa nguzo hii sehemu itakayokuwa juu ya ardhi ni eneo la mita moja ya mraba na kidogo. Kopo la nusu lita linatosha makoti mawili.

Kusafisha hakuchukui muda. Msasa namba 80, ukifuata nyuzi, basi. Usilainishe mpaka mbao ing'ae, maana staini itakosa pa kuingilia. Futa vumbi, kisha dondosha maji kidogo. Yakinywewa upesi, nguzo iko tayari. Yakikaa juu kama shanga, kuna kitu cha zamani bado kiko hapo, rudi kwenye msasa.

Koroga kopo mpaka chini, rangi huwa imetuama. Jaribu kwanza kwenye kipande ulichokata, kikauke, ukitazame nje kwenye mwanga wa mchana. Kisha fanya kazi kivulini, umande ukishakauka.

Naanza kichwani. Angalia hii brashi: nimeweka staini, na kabla sijageuka kuchovya tena imeshaingia yote. Nyuzi za mti ni mirija, na hapa midomo yake iko wazi. Maji ya mvua yangeingia hivyo hivyo. Naongeza, naongeza tena, mpaka ikatae. Nimekikata kichwa kwa mteremko ili maji yasituame, na baadaye nitakivika kofia ya mabati iliyozidi kingo kidogo, yenye nafasi ya hewa chini yake.

Pembeni, paka kwa kufuata nyuzi, upande mmoja mpaka mwisho ndipo uende mwingine. Subiri dakika 15 au 20 kisha futa kwa kitambaa yote ambayo hayajaingia. Usipofuta yatabaki yakinata. Koti la pili linafuata muda ulioandikwa kwenye kopo.

Na hivi vitambaa, tafadhali, usivikunje ukavitupa pembeni. Mafuta ya kitani, na staini nyingi zenye mafuta ya kukauka, hutoa joto yanapokauka, na kitambaa kilichobanwa kinaweza kuwaka chenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja, au vitie kwenye debe la maji.

Ardhini: shimo la sentimita 60 hadi 70, kokoto chini, nguzo juu yake ili maji yapate pa kwendea. Kiini kitakachofukiwa sikipaki kitu. Panapooza haraka ni pale udongo unapokutana na hewa, kwa hiyo zege utakalomwaga kuizunguka nguzo lizidi udongo kidogo na liwe na mteremko kutoka kwenye nguzo kwenda nje. Bawaba na misumari iwe ya kutiwa zinki, ama kutu itachora mistari myeusi mpaka chini.

Mwaka ukipita, rudi na kikombe cha maji. Rashia upande wa mashariki na wa magharibi, ndiko jua linakopiga zaidi huku kwetu. Maji yakiteleza, iache. Yakinywewa, osha kwa brashi na sabuni, acha ikauke, paka koti moja upande huo tu. Andika jina na namba ya rangi ndani ya kibanda cha vifaa, maana karatasi ya kopo itakuwa imeshachanika.