Mgeni wa Kiingilio na Mgeni wa Mwaliko

(Mhadhara kwa waongoza watalii, Arusha)

Ndugu waongozaji, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie adabu za mgeni kwenye sherehe za kimila. Nitasema na ninyi kuliko na wageni wenu. Mgeni aliyetua uwanja wa ndege wa KIA jana hajui kwamba kila mlango wa boma la Kimaasai una mwenyewe. Wewe unajua, au ulipaswa kujua.

Kwenye maboma ya utalii kule Ngorongoro mgeni analipa kiingilio, anachezewa ngoma ya kuruka, anaimbiwa, anapiga picha mpaka achoke, ananunua shanga, anaondoka. Ni biashara, na wenye boma wameikubali. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni mazoea ya pale kuhamishiwa kwenye shughuli yenyewe. Eunoto, sherehe ya kuwavusha morani, vijana askari wa Kimaasai, kuelekea utu uzima, si onyesho. Ndiyo siku morani ananyolewa na mama yake nywele alizozifuga kwa miaka, na wapo wanaopandwa na mori, wakatetemeka na kulia mpaka wenzao wawashike. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza enkipaata, eunoto na olng'esherr, sherehe tatu za kuwavusha wanaume rika, kwa upande wa Wamaasai wa Kenya, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Halafu mtu anamsogezea kamera usoni kijana aliyeshikwa na wenzake, na mwongozaji wake amesimama pembeni anachati!

Kabla ya yote, basi: mmealikwa na nani? Kama huwezi kumtaja mzee aliyewaruhusu, geuza gari. Hodi hupigwa kwa laigwanani, yaani kiongozi wa kimila, au kwa mwenye boma, siyo kwa kijana uliyempa lifti njiani. Picha, pesa, mahali pa kukaa, vyote vizungumzwe na mzee huyo mapema. Ukianza kumgawia noti kila anayepigwa picha, umeleta soko la Kilombero katikati ya boma.

Salamu nayo ina mambo yake. Mtoto wa Kimaasai humwinamishia mkubwa kichwa. Mgeni wako mwenye mvi akiinamiwa, asinyooshe mkono wa kushikana. Aguse utosi taratibu, basi, amesalimia. Na tafadhali wakatazeni kuuliza mzee ana ng'ombe wangapi, watoto wangapi. Mali na watu havihesabiwi hadharani. (Nyie wenyewe mkiulizwa salio la benki mbele za watu mnanuna.)

Shuka avae, hasa kama amepewa na wenyeji. Taji la manyoya ya mbuni alivue.

Kwa Wachagga wa Moshi niseme moja tu: isale, jani la kimila la Wachagga, halichumwi kwa ajili ya picha. Jani lile ni la kuombea msamaha, na hupandwa mipakani na makaburini.

Penye uzito zaidi ni kule Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe. Ngoma yao ya epeme huchezwa usiku usio na mwezi, mioto imezimwa. Wanawake wanaimba, wanaume wanaingia mmoja mmoja, njuga miguuni. Giza ni sehemu ya ibada yenyewe, kwa hiyo hata kioo cha simu kinachowaka mfukoni kinaiharibu. Kuna pia nyama ya epeme, ambayo huliwa na wanaume walioingizwa kwenye siri hiyo tu. Wanawake na watoto wa Kihadzabe hawaruhusiwi kuiona ikiliwa. Mgeni akitaka kuchungulia, jibu ni hapana, hata awe amelipa dola ngapi.

Najua mnachowaza: nikimkatalia, tipu imepotea. Inawezekana. Lakini mengi ya hayo hutokana na kumwambia mgeni akiwa tayari kwenye giza, simu mkononi, hasira juu. Mwambie Karatu, mchana, wakati wa chakula, na umweleze sababu. Simu zikusanywe zibaki garini. Asiyetaka alale kambini, na wenyeji wajulishwe kwamba idadi imepungua.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, kaka, uliza.