Kinachofichwa Saa 25:30

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie picha za ngono katika anime, yaani katuni za video za Kijapani, na nani anayezidhibiti. Wengi wetu tunaamini Wajapani hawana sheria kuhusu jambo hili. Wanayo, tena kongwe. Kifungu cha 175 cha Sheria ya Makosa ya Jinai ya mwaka 1907 kinakataza kusambaza vitu vichafu. Ila hakisemi uchafu ni kitu gani. Kazi hiyo imeachiwa mahakama. Kwa hiyo watengenezaji wamejiwekea mipaka yao wenyewe, polisi wasije wakawawekea.

Kwenye sinema mambo ni mepesi. Eirin, chombo kilichoanzishwa na tasnia ya filamu mwaka 1949, hupanga madaraja manne ya umri: G (wote), PG12, R15+ na R18+ (wakubwa tu). Na katuni za wakubwa si jambo la jana: Osamu Tezuka, mchoraji yule yule wa katuni ya watoto ya Astro Boy, alipeleka kwenye sinema katuni ya watu wazima mwaka 1969.

Patamu ni kwenye televisheni. Hakuna ofisi ya serikali inayokagua kipindi kabla hakijarushwa. Kituo hujikagua chenyewe, na tangu 2003 kuna BPO, chombo cha NHK (shirika la utangazaji la umma) na vituo binafsi, kinachopokea malalamiko ya watazamaji na kutoa maoni. Hakitozi faini. Kinachochuja hasa ni saa. Anime nyingi zisizo za watoto huonyeshwa usiku wa manane, na ratiba za Kijapani huandika 25:30, yaani saa saba na nusu usiku kwa hesabu yetu, kana kwamba siku haijaisha.

Sasa tazameni biashara yake. Anime ya usiku kwa kawaida hugharimiwa na kamati ya utayarishaji: mchapishaji wa manga (vitabu vya katuni), kampuni ya muziki, watengeneza midoli na wengineo. Mara nyingi kamati hiyo ndiyo inayokilipa kituo ili kipindi kirushwe. Fedha ilitarajiwa kurudi kwa kuuza diski za video. Ndiyo maana msichana akiwa bafuni, kwenye televisheni hufunikwa na mvuke mzito, au mwale wa mwanga usiojulikana umetoka wapi. Ukinunua diski, mvuke umeondoka! Chaneli ya kulipia ya AT-X nayo imekuwa ikionyesha matoleo yenye mvuke kidogo. Mtu akiniambia ule mwanga ni maadili, namwambia ni tangazo la biashara.

Mwaka 2010 Jiji la Tokyo liliongeza makali ya kanuni yake ya kulinda vijana, ili manga na anime zinazotukuza ngono iliyo kinyume cha sheria zisiuzwe kwa walio chini ya miaka 18. Hazikupigwa marufuku, zilihamishiwa rafu ya wakubwa. Hata hivyo wachapishaji wakubwa waligoma kushiriki maonyesho ya anime ya jiji hilo ya Machi 2011, ambayo mwishowe yalifutwa kwa sababu ya tetemeko. Gavana aliyesukuma kanuni hiyo, Shintaro Ishihara, alipata umaarufu ujanani kwa riwaya iliyowakera wazee kwa mambo hayo hayo. Dunia ina vituko.

Sheria ya mwaka 1999 dhidi ya picha za ngono za watoto ilirekebishwa 2014, kumiliki tu picha hizo kukawa kosa. Michoro iliachwa nje. Watetezi husema mchoro hauna mwathirika, na hoja hiyo naielewa. Lakini ona matokeo yake: mwale wa mwanga unapima kiungo gani kimeonekana, haupimi mhusika ana umri gani. Mhusika mwenye sura ya mtoto wa shule ya msingi anapita, mradi sehemu fulani imefunikwa. Kwangu mimi hapo ndipo kiwango chenyewe kimeelekezwa pasipo.

Tena ile saa haipo tena. Kijana wa Tanga au Nakuru akifungua simu saa kumi jioni anakuta kipindi kilichotengenezewa usiku wa manane, kikiwa na alama ya umri iliyobandikwa na mtandao wa video wenyewe. Na mwaka 2023 soko la anime nje ya Japani lilizidi la ndani. Kamati zinazotegemea fedha hiyo zinapaswa kufikiria mapema ni nini mnunuzi wa nje atakikubali, na mnunuzi huyo si kituo cha Tokyo wala BPO.

Karibuni maswali.